Siku Niliyomtafsiria Sista Mbele ya Mama Mkwe

Haya, mmenichokoza mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nitaisimulia mwenyewe, maana ikisimuliwa na wengine (na Ijara nzima inaisimulia, hata watoto waliozaliwa baada yake) inatiwa chumvi mpaka nasikia eti nilikimbia uchi hadi barabara ya Garissa, na huo ni uongo, nilikuwa na kaptura. Aibu niliyoipata siikatai. Naikubali yote, isipokuwa hiyo ya uchi.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo, nina duka langu dogo la sukari, majani ya chai na betri za tochi, na mke wangu Halima alikuwa ametoka kunizalia binti wa nne. Wa nne, na wote mabinti. Sasa watu kwetu mnawajua. Mama yangu hakuwa anasema mengi, alikuwa anamtazama tu Halima kisha anashusha pumzi ndefu, lakini mjomba wangu Shukri, abti Shukri tunavyomwita, yeye alikuwa na mdomo na miguu pia, akaenda mpaka Sangailu akazungumza na mzee mmoja mwenye binti wa kuolewa, ikapangwa kwamba Ijumaa tungekwenda kumposa rasmi ili nipate mke wa pili wa kunizalia mwana wa kiume. Na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa nimekubali. Halima aliambiwa, hakubisha. Alisema tu, "Kosa ni langu, sikukupa mwana wa kiume, fanya unavyoona," akageukia ukutani na kile kichanga chake. Nami, mjinga mimi, nikaona amenielewa.

Kwa kuwa Halima alikuwa ndani ya zile siku arobaini za uzazi, mama yake alikuja kutoka Garissa, anakouza maziwa ya ngamia, ili amhudumie. Hapa niwaeleze wale msio wa kwetu: mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humtazami usoni, huli mbele yake, hupiti mbele yake, na ukimwona anakuja njiani unahama upande. Ndiyo heshima. Kwa miaka sita ya ndoa nilikuwa sijasemezana naye hata neno moja, nilimjua kwa shuka lake la manjano na kikohozi chake, basi. Alipofika tu mimi nikahamia kulala dukani juu ya magunia ya sukari (msiombe kulalia sukari, ni mawe yale).

Basi Jumatano gari la kliniki likaja, na ndani yake Sista Mwende, Mkamba mmoja mcheshi, mnene kidogo, anayesema Kiswahili cha haraka. Dada aliyekuwa akimtafsiria siku zote alikuwa ameenda harusini Masalani. Sista akaja dukani kwangu, pale wanaume wamekaa wanakunywa chai yangu, akauliza nani hapa anajua Kiswahili cha kutosha kuongea na akina mama. Ningesema nina wateja, yangeisha hapo. Lakini mimi nilisoma Garissa mjini mpaka kidato cha pili, na wanaume wote walikuwa wananitazama, nikajikuta nimesema, "Sista, hapa Kiswahili ndiyo mimi." Nikamuuliza mazungumzo ni ya nini, akasema afya ya mama na mtoto. Nikajua ni yale maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha, jambo la dakika kumi.

Kilikuwa chumba kimoja cha zahanati, mlango mmoja, dirisha moja la mbao, wanawake kama thelathini wamekaa chini kwenye mikeka na watoto wao. Wanaume nao walikuwa wamejipanga nje chini ya dirisha, eti wanapumzika kivulini, na abti Shukri mbele yao na bakora yake. Sista akafungua kitambaa kikubwa chenye picha akakitundika, nami nikaona kichwa cha mbuzi chenye pembe mbili zilizopinda kwenda chini. Sikusubiri hata afungue mdomo. Nikawatangazia kwa Kisomali kwamba leo tunaanza na ugonjwa wa mbuzi, na akina mama wakaitikia vizuri kabisa, maana mbuzi walikuwa wanakufa kweli mwaka ule.

"Huu ni mfuko wa uzazi wa mwanamke," Sista akasema. "Hii ni mirija, na hapa pembeni ndipo yai linapotoka kila mwezi."

Jamani. Mimi biolojia nilisoma, lakini sura ya uzazi mwalimu wetu alituambia tukaisome wenyewe nyumbani, na nyumbani kwetu hakukuwa na kitabu, kulikuwa na ngamia. Nikawaambia, "Anasema si mbuzi. Ni nyinyi. Kwa ndani." Walicheka mpaka watoto wakaanza kulia, na bibi mmoja akasogea karibu kuitazama vizuri ile picha, akasema kama ndivyo alivyo basi yeye hakuwahi kuambiwa.

Hapo ndipo nikasikia kikohozi mlangoni. Shuka la manjano likaingia, likakaa chini palepale kando ya mlango. Mama mkwe wangu. Halima alikuwa amelala na mtoto, naye amekuja kusikiliza kama wengine. Sikuwa na pa kuhamia, kwa hiyo nikafanya lile lililowezekana, nikageuka nikatazama ukuta, nikabaki hivyo, pua yangu karibu na tangazo la chanjo.

"Mbona unaangalia ukuta?" Sista akauliza.

"Nasikia vizuri zaidi hivi."

Akanitazama (nadhani, mimi nilikuwa naliona tangazo) kisha akaendelea. Akaeleza mbegu za mwanamume, zilivyo nyingi kupita hesabu, zinavyoogelea kila moja na mkia wake, na ni moja tu inayoingia kwenye yai, na ikishaingia yai linafunga mlango. Sasa niambieni, haya ningeyasemaje, mama mkwe yuko nyuma yangu? Nikasema, "Madume mengi yanakimbilia kisima, linakunywa moja, kisima kinafunikwa." Akaeleza siku za mwezi ambazo mwanamke hushika mimba, akazihesabu kwa vidole, akazungumza muda mrefu, nami nikasema, "Anasema mvua ina msimu wake." Akina mama walikuwa wanaitikia kwa furaha. Sista akaniambia Kisomali ni lugha fupi sana. Nikamwambia ndiyo.

Ningetoka salama, wallahi, ningetoka, kama si jirani yetu Dekha, ambaye akiona kidonda lazima akiguse. Akanyoosha mkono akasema, "Muulize, mwanamke anayezaa wasichana watupu ana ugonjwa gani, na dawa yake ipo?" Hakuna aliyekuwa hajui ni mwanamke gani. Nikamtafsiria Sista swali lile, na hilo nililitafsiri sawasawa, maana hata mimi nilitaka kujua hiyo dawa.

"Hana ugonjwa wowote," Sista akasema. "Yai la mama ni la aina moja tu. Mbegu za baba ndizo za aina mbili, ya msichana na ya mvulana, na ile inayowahi kuingia ndiyo inaamua. Mama hachagui chochote. Kinachoamua kinatoka kwa baba. Waambie hivyo hivyo, wanawake wengi wanaonewa kwa jambo hili."

Nilisimama nikikodolea ukuta. Nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno hayo maishani mwangu, na nilipoyasikia niliyaelewa mara moja, yote, mpaka mwisho wake. Nikafikiria Ijumaa. Nikafikiria abti Shukri chini ya dirisha na masikio yake. Nikafikiria mabinti wangu wanne, kwamba kumbe wote wanne ni mimi. Kisha nikafungua mdomo nikasema kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu msomi, "Anasema jambo hili linatoka kwa mama. Mbegu ya baba haina neno."

Nje ya dirisha nikamsikia abti Shukri akiwaambia wenzake, "Si nilisema?"

Halafu sauti ya mwanamke ikatoka kando ya mlango, na haikuwa Kisomali. Ilikuwa Kiswahili cha sokoni, kila p imekuwa b, lakini kinatembea chenyewe bila kuegemea mtu.

"Sista, samahani. Mimi nauza maziwa Garissa miaka kumi na tano, boliisi ndio wateja yangu, nimesikia maneno yako yote. Wewe umesema inatoka kwa baba. Huyu amesema inatoka kwa mama. Nani amegeuza habo katikati?"

Ndugu zangu! Miaka sita simtazami, simsemeshi, sasa ningejuaje kama anajua Kiswahili? Mtu mwingine angejua kwa siku moja tu, kwa kumsalimia.

"Umewaambia nini?" Sista akaniuliza, na ucheshi wake wote ulikuwa umekwisha. Mama mkwe akaendelea, lakini si kwangu, maana hata katika hasira yake heshima hakuiacha.

"Sista, mwambie huyo. Mimi siwezi kumwambia, ni mkwe wangu."

"Lakini si yuko hapo hapo?"

"Yuko. Mwambie. Mwambie binti yangu analia siku tisa."

Sista akanigeukia. "Anasema binti yake analia siku tisa."

"Nimesikia, Sista."

"Mwambie mtoto anabanga Mungu, hiyo mimi najua kabla yeye azaliwe. Lakini kama Mungu amebitisha kwa mlango, yeye aseme kweli ni mlango ya nani."

Sista akayarudia hayo pia, neno kwa neno. Lakini akina mama wengine hawakuwa wameelewa kitu, wakaanza kuulizana kwa Kisomali kuna nini, mkalimani ameulizwa nini, na Sista akasema basi watafsiriwe. Na mkalimani ni nani? Ni mimi. Kwa hiyo nikasimama palepale, uso ukutani, nikatafsiri kesi yangu mwenyewe: kwamba nilidanganya, kwamba Sista alisema ni baba, kwamba mama hana kosa wala ugonjwa, na kwamba anayezaa mabinti nyumbani kwangu, kwa mpango wa Mungu, ni mimi. Safari hii sikuleta kisima wala mvua. Nilipomaliza, Dekha akasema taratibu, "Kumbe mgonjwa ndiye huyu," na chumba kikaangua kicheko.

Nikataka kutoka. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na kando yake amekaa mama mkwe, na huwezi kupita mbele ya mama mkwe (ndiyo, nilikuwa nimemwonea binti yake mbele ya kijiji kizima, lakini kupita mbele yake nilishindwa, sijui akili hii inafanyaje kazi). Nikaenda dirishani. Nikapandisha mguu, nikaruka, na kikoi changu kikashikwa na msumari wa dirisha kikabaki juu, mimi nikafika chini na kaptura, katikati ya wanaume wa Ijara, miguuni pa abti Shukri. Hakuna aliyenisaidia. Abti alinitazama, akakitazama kikoi, akasema, "Na kumbe ni wewe," akaondoka na bakora yake.

Baada ya alasiri nilikwenda nyumbani. Mama mkwe alinisikia nikija akatoka kwa nyuma. Halima alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha, na nilijua amekwisha ambiwa kila kitu. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Sista alisema ni baba?"

"Alisema."

"Na wewe ulimsikia vizuri kabla ya kutafsiri?"

"Nilimsikia."

Akambadilisha mtoto titi. "Miaka yote hii hukujua, sikulaumu, hata mimi sikujua, nilikuwa nakuomba msamaha kila nikijifungua. Lakini leo ulijua. Ulijua, na bado ukanibebesha mimi."

Ile aibu ya dirishani niliweza kuibeba, watu walicheka na mimi baadaye nikacheka. Hii haikuwa na mtu wa kuicheka. Niliumia nafsi yangu, nikamwomba msamaha, akasema amesikia, hakusema amesamehe.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa abti Shukri nimejikaza kiume, nimeyapanga maneno, nimwambie mimi Sangailu siendi, sitaki mke wa pili. Akanikata kabla sijakaa. Habari ilikuwa imekwisha fika Sangailu na lori la ng'ombe, na mzee yule alikuwa ametuma jibu: alitaka kumtoa binti yake kwa ajili ya mwana wa kiume, na kama mbegu ya huyo bwana ni ya mabinti, basi mabinti si anao tayari? Kwa hiyo hata ile sifa ya kukataa mwenyewe niliikosa.

Tangu hapo mimi nina kiapo changu. Mtu akiniita kutafsiri, hata bei ya mbuzi, nauliza kwanza kama jambo lenyewe linanihusu, na likinihusu nasema Kiswahili nimekisahau. Gari la kliniki likionekana nafunga duka. Na nikiambiwa kosa ni la mtu fulani, hasa mtu wa nyumbani kwangu, nasubiri kwanza nisikie linatoka wapi.

Mwaka wa pili wake Halima akajifungua tena. Mkunga akatoka akasema ni msichana, wa tano, na wale wanawake waliokuwa miaka yote wakiingia ndani kumpa Halima pole walipita nje ya nyumba wakaja moja kwa moja dukani kunipa pole mimi, mmoja baada ya mwingine, Dekha akiwa wa kwanza. Nilizipokea zote, nikawatilia chai. Ndani, Halima alikuwa amelala na mtoto wake, na siku hiyo hakumwomba mtu yeyote msamaha.