Njia Ndani ya Wingu

Miye niko motard, mwendesha pikipiki ya kubeba watu, hapa Bunia, na kila siku ninachekelea bakiliya wenye kuikala nyuma yangu na kunikamata shati mu kona.

Juzi nilirudi Bunia na ndege moja ndogo, nikaikala nyuma kabisa ya piloti. Mawingu ikatufunika, inje nyeupe tupu. Yeye akakazia macho mishale ya vyombo vya ndege mbele yake, na karatasi moja ya ramani kwenye goti.

"Chef, angalia njia!" nikapiga kelele.

"Njia iko hapa," akajibu polepole, akinionyesha mushale moja.

Akaufuata mpaka wingu ikapasuka, na piste ya kutua ilikuwa mbele yetu, katikati kabisa! Miye mwenye kujua kila shimo ya Bunia, mutu huyu alinishangaza.

Tukasimama. Piloti akageuka, akacheka:

"Papa, tumefika. Achilia shati yangu."