Vikombe vya Muuza Kahawa

Muuza kahawa wetu hapa Kiegeani ana mkono wa birika na mkono wa vikombe, na huo wa vikombe haujui kutulia. Huvigonganisha hata akiamkiwa, "marahaba" yake ikapotelea humo humo. Juzi, kwenye mkutano wa kijiji, Aziza alisimama kudai minazi aliyoachiwa na baba yake, ambayo kaka zake wanaangua nazi na kuuza kana kwamba yeye hayupo. Wanaume wakamzomea. Muuza kahawa akagonga vikombe, akagonga, mpaka wakanyamaza. Mwenyekiti akanyoosha mkono apewe kahawa.

"Subiri, mwenyekiti. Bi Aziza hajamaliza."

Tukasikiliza, makoo makavu. Alipomaliza, kikombe cha kwanza kilitupita sote, kikaenda nyuma, kwenye mkeka wa wanawake.