Mkeka wa Harusi Uliogeuka Tanga

Nakumbuka siku ile moja nilipopanda mlango wa duka nikaenda nao majini, mwanangu. Ukicheka sitakulaumu, maana hata mimi bado nacheka. Tangu hapo nimesimama juu ya ubao wa tanga katika bahari nyingi, nimevishwa medali, nimeitwa binti wa kwanza wa kwetu kufanya hivi na vile. Lakini ukiniuliza nilianzia wapi, sitakutajia bahari. Nitakutajia Hadado, mahali ambapo ndoo moja ya maji huombewa dua.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua ile kubwa. Barabara ya Wajir ilikatika, duka la sukari likabomoka, mbuzi wetu wengi wakafa, na uwanda tuliozoea kuchungia ukawa ziwa. Sitakudanganya kwamba hatukulia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba, na mvua ilipopumzika ukaanza kuja upepo kila alasiri. Kijana wa umri huo akiona maji na upepo pamoja, mikono humwasha.

Sasa nikueleze jambo moja kabla sijasahau. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Sisi ndio tunaokunja fito, sisi ndio tunaotandika mikeka juu yake, sisi ndio tunaoifungua na kuipakia kwa ngamia tukihama. Wanaume wanajua ngamia, lakini upepo ni wetu. Na msichana akikaribia kuolewa, wanawake wa ukoo hukaa miezi wakimsukia mikeka ya nyumba yake. Hutafuna maganda ya mgunga mpaka yalainike yawe nyuzi, na kila mmoja husuka sehemu yake akiimba. Mkeka mkubwa wa dada yangu Habiba ulikuwa umekwisha, mzuri kupita kiasi, umekunjwa nyumbani kwa bibi yetu, ambaye sote tulimwita Ayeyo. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Nikauchukua. Sikumwomba mtu. Nilijiambia nitaurudisha kabla ya swala ya alasiri, na mwanangu, hakuna uongo mtamu kama ule unaojidanganya mwenyewe.

Mlango wa lile duka lililobomoka ulikuwa ukielea kando ya maji. Nikafunga mkeka kwenye fito mbili kwa kamba ya ngamia, nikaukaza kwa goti kama mzigo wa safari, nikasimama juu ya mlango. Yaa salaam! Upepo ukanichukua, maji yakaanza kulia chini ya nyayo zangu, nami nikapiga kelele za furaha mpaka korongo wakaruka. Sijapata tena furaha kama ile, hata siku za medali. Kisha upepo ukazidi. Nilitaka kulegeza mkeka, fundo likakataa. Nilitaka kurudi, sikujua namna. Mlango ukajikita kwenye migunga iliyosimama majini, miba ikaupasua mkeka kutoka juu mpaka chini, nami nikaanguka kwenye maji yaliyonifika kifuani.

Nilirudi kwa miguu nikiuburuta. Habiba alipouona alikaa chini akalia bila sauti, na kilio hicho kiliniuma kuliko fimbo. Bibi harusi asiye na mkeka ataingia nyumba gani? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu siku hiyo nilikuwa mimi, nimelowa chapachapa.

Nilimpigia Ayeyo magoti. Hakunipiga. Aliupapasa mpasuko kwa vidole, taratibu, kisha akauliza, "Ulikaza fundo?"

"Nilikaza, Ayeyo."

"Nyumba isiyoachiwa pumzi huvunjika. Hilo nilikufundisha hata meno ya utoto hayajakutoka." Akanisukumia mkeka. "Na msamaha usiniombe mimi. Mimi nimesuka shubiri mbili tu hapa. Nenda kwa kila mkono uliousuka."

Mikono ilikuwa tisa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, nimeinamisha kichwa, nikieleza kosa langu mara tisa. Wallahi ile ya tisa haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Walinisema, halafu wakanicheka. Edo Fatuma, dada wa baba, aliniuliza kama nilirudi na samaki, kisha akanipa gunia zima la maganda. "Tafuna," akasema. Nilitafuna mpaka taya zikafa ganzi, sikuweza hata kujitetea, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nia yao. Lakini wote tisa walikuja kusuka, usiku na mchana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakatunga na wimbo wa msichana aliyeolewa na mlango, wakauimba kila siku mbele yangu.

Mkeka mpya ulikamilika siku moja kabla ya harusi. Habiba, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, aliupitisha mkono wake juu yake, akatabasamu. Kisha akachukua ule uliopasuka akanitupia. "Huu nimekupa. Mlango kamwombe mwenye duka."

Nikaenda kumwomba, akanipa huku akicheka. Harusi ilipokwisha, wanawake wote wakaja ukingoni kunitazama, na kila mmoja alikuwa na maoni yake, maana nani kati yao hakuwahi kupigana na mkeka siku ya upepo? Ayeyo alisimama mbele na bakora yake akipaza sauti, "Legeza! Legeza mkono wa nyuma!" Nikalegeza. Nikaenda, nikageuka, nikarudi. Vigelegele vilivyopigwa pale vilizidi vya harusi.

Mwalimu Wanjala, aliyeletwa kufundisha kwetu kutoka Kakamega, aliyaona hayo. Akasema huko pwani watu hushindana kwa mchezo wa namna hii, na rafiki yake anaweza kunifundisha. Akamwendea Ayeyo, naye akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho kila p hugeuka b.

"Mwalimu, wewe nataka beleka mtoto bahari. Baba yake naomba?"

"Bado, mama."

"Basi omba kwanza. Na ambia watu ya bahari, ubebo habigwi. Ubebo nasikizwa."

Baba aliombwa, akakataa, akaombwa tena, akakubali kwa sharti nikae kwa binamu yake Mombasa. Kabla miaka ya tisini haijaisha nikashindana mara ya kwanza, msichana peke yangu, suruali ndefu na mtandio uliofungwa barabara. Vijana waliulizana mtu wa ngamia anatafuta nini majini. Katikati ya mashindano upepo ukatukoromea. Wao wakakaza mikono, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisikia sauti ya Ayeyo, nikalegeza mkono wa nyuma. Nikamaliza wa pili, na aliyenishinda akaja kuniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, juu ya mlango.

Niliporudi nyumbani, Ayeyo aliipapasa medali kama alivyoupapasa mpasuko. "Ubao ule wa mashindano," akauliza, "ulimwomba mwenyewe?"

"Nilimwomba, Ayeyo."

"Basi hii ni halali yako." Ndipo akanivisha, akalia, nami nikalia.

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukikitamani kitu, omba, hata kama unaona haya, hata kama utakataliwa mara ya kwanza. Ukikosea, usikimbilie msamaha wa mtu mmoja mpole ukauacha wa wengine wote. Na dunia ikivuma, usikaze kila fundo. Acha pumzi kidogo, usikilize, utafika. Mungu akupe upepo wa kukusukuma na watu wa kukupigia kelele ukingoni, na popote utakapokwenda, akurudishe nyumbani na cha halali mkononi. Amina.