Tuta la Jikoni

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, siku zamu yangu ya bomba la dawa ilipofika. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, bomba lilikuwa moja kwa kijiji kizima, likizunguka nyumba kwa nyumba huku kwetu milimani Uluguru. Bwana shamba alitupimia dawa ya wadudu kwenye chupa ya bia isiyo na maandishi, akatuonya, "Ukishapuliza, usichume kabla ya wiki mbili. Mmenisikia?"

Tulimsikia. Lakini soko la mjini lilikuwa Jumamosi, na wanunuzi wa Morogoro walitaka mchicha usio na tundu hata moja. Nikapuliza Alhamisi, Ijumaa nikachuma. Sasa nisikilize vizuri hapa: nyuma ya nyumba nilikuwa na tuta dogo la jikoni, mchicha wake umetobolewa ovyo, nalo sikuligusa kwa bomba. Huo ndio tuliokula sisi. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Mafungu ya sokoni niliyafunga kwa kamba ya mgomba, kwa fundo la kuzungusha mara mbili alilotufundisha mama. Dada yangu Felista alikuwa ameolewa huko mjini, na mwanawe Kizito ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sisi Waluguru mtoto wa dada ndiye wa ukoo. Shamba nililolima lingekuwa lake.

Jumapili ikaja habari kwamba Kizito amefariki. Tukateremka, mama na mimi. Felista mwenyewe alikuwa ametapika mpaka hana nguvu. Akanishika mkono.

"Kaka, jana nilipofika sokoni ulishaondoka. Nikaliona fundo letu kwa mchuuzi, nikanunua. Nikasema leo mwanangu anakula cha mjomba wake."

Majirani walisema ni maji mabaya, naye akaamini. Mama aliiokota ile kamba jikoni, akanivuta nje. Hakupaza sauti.

"Tuta la jikoni hukulipulizia dawa," akasema. "Kumbe ulijua."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti ningeingia mimi! Aliingia mtoto ambaye hata jina langu alikuwa hajaweza kulitamka. Felista sikumwambia, nilishindwa. Mpaka anazikwa yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alikuwa akilitafuta fundo langu sokoni na kunisifu kwa majirani. Linaniuma hadi leo.

Siku hizi dawa zipo kila duka, na bomba kila mtu ana lake. Sikukatazi kupuliza, wadudu hawana huruma. Ila zihesabu siku ulizoambiwa, soko likipita na lipite. Na ukijikuta umetenga tuta lako la kula, weka bomba chini hapo hapo, maana moyo wako umeshakuambia. Usimuuzie mtu usichoweza kumlisha mwanao.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na mtoto atakayelishwa mchicha wako, asiyekujua wala usiyemjua, akue hadi azeeke.