Sauti ya Aliyebeba Jeneza

Igiraneza alikuwa mwalimu wa Kifaransa huko Masisi, mtoto wa wakulima wa mlima mmoja karibu na Rubaya. Vita ilipowafikia, watu wenye silaha walichukua ng'ombe zao. Siku chache baadaye kaka yake, Niyonsenga, alipata ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua: "Ng'ombe zenu ziko huku. Kuya peke yako, njia iko salama." Akamtumia Igiraneza, dada yake, ujumbe ule, akaondoka. Majirani walimkuta ameuawa kwa risasi kwenye njia ya Walikale.

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Hata hivyo Igiraneza aliijua: ni ya Hakorimana, rafiki wa kaka yake, aliyebeba jeneza na baada ya mazishi akajitwalia malisho yao. Wazee walimwambia huzuni inamchanganya akili. Akauhifadhi ujumbe ule, akangoja.

Ndipo akasikia kuhusu shule ya likizo huko Bweremana, ambako walimu wa lugha, wa mantiki na wa kompyuta wanafundisha pamoja, na ambako mashine inapima sauti za watu. Aliomba nafasi, akakubaliwa. Waandaaji walipotafuta gari la kuwatoa wanafunzi Sake, yeye ndiye aliyewapa jina la Hakorimana, mwenye jeep.

Shuleni kila mwanafunzi alitakiwa kurekodi wenyeji. Akamfuata Hakorimana.

"Kaka, munisaidie sauti yenu kidogo. Iko kwa masomo."

"Niseme nini?"

"Chenye munataka. Hata mambo ya ng'ombe."

Hakorimana akaongea, akicheka.

Kompyuta ilionyesha kuwa sauti hiyo na ile ya ujumbe zinakaribiana sana. Mwalimu wa mantiki, Papa Théophile, hakuridhika.

"Mvua ikinyesha, njia inalowa," alisema. "Lakini ukikuta njia imelowa, usiseme ni mvua njo ilinyesha. Pengine mutu alimwanga mayi. Hii haitoshe, dada."

"Mimi sikukuya kutafuta ukweli ya darasa, Papa."

"Unatafuta nini basi?"

"Aanguke."

Siku ya kufunga, wapishi na madereva walialikwa ukumbini kunywa Fanta. Zamu yake ya kuonyesha kazi ilipofika, Igiraneza aliwasikilizisha ule ujumbe, kisha akasema kwa utulivu, "Mashine imetaja mwenye sauti hii. Mwenyewe iko humu ndani."

Ulikuwa uongo. Mashine haikuwa imetaja mtu.

Hakorimana akasimama, chupa ikamtoka mkononi. "Sikujua watamuua," alisema. "Waliniambia watamufukuza tu."

Alifungwa Goma, na mjane wa Niyonsenga akarudishiwa malisho. Mukankusi, mke wa Hakorimana, alikuja kumwomba Igiraneza aondoe mashitaka.

"Dada, watoto wanaulizia baba yao."

"Watoto ya Niyonsenga pia wanaulizia."

Akampa chai, akamsindikiza hadi barabarani, na mashitaka hakuyaondoa. Watu wa kanisani walimsihi asamehe, naye akawajibu kwamba bado.

Hakorimana hakuwataja waliofyatua risasi. Mwaka uliofuata Igiraneza aliomba tena nafasi Bweremana. Papa Théophile akampigia simu kumuuliza amebakiza kujifunza nini.

"Wale walikuwa wengi," Igiraneza alisema. "Nimepata mumoja tu."