Mkungu wa Ndizi na Mlango wa Ndege

Kwetu Nkoaranga, ukibishana na mkubwa wako unahesabiwa umekosa hata kabla hujafungua mdomo. Mimi hilo lilinishinda tangu utotoni. Ninarusha ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani, na fundi mkuu wa kampuni yetu ni mtu wa ukoo wetu. Namwita baba mdogo. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kamili, ndipo tukaanza kuvutana.

Wiki ile tulivutania mlango wa abiria. Kishikio cha ndani kilikuwa kizito mno, nikasema siirushi ndege ile mpaka kitengenezwe. Baba mdogo akapanda, akakivuta, akausukuma mlango kwa bega. Ukafunguka.

"Unaona? Mzima huu."

"Kwa bega lako, baba mdogo. Abiria wangu wengi ni wazee waliostaafu."

"Abiria hafungui mlango. Tunamfungulia sisi, kwa nje."

"Tukianguka porini atafunguliwa na nani? Twiga?"

Mafundi wenzake wakacheka. Yeye alisema watoto wa siku hizi wakishapewa usukani wanawasahau waliowabeba mgongoni. Ilinichoma, maana kweli alinibeba. Lakini ndege sikuichukua. Meneja akanipa mpaka Jumatatu: niirushe, au nisirudi tena kazini. Niliogopa, sikatai. Kazi ile niliihangaikia miaka.

Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mazao zikapigwa mnada nje ya kanisa kama kawaida yetu. Mama yangu alikuwa ametoa mkungu wa ndizi. Baba mdogo akapandisha bei mpaka wengine wote wakanyamaza, akaununua, kisha akatangaza kwamba anamzawadia binti yake rubani, ili mambo ya kazini yaishe. Watu wakapiga makofi. Pale kwetu ukipokea zawadi namna hiyo mbele ya usharika, ugomvi umekwisha. Ukiikataa, wewe ndiye mwenye roho mbaya. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Alikuwa amenitega kwa ndizi za mama yangu mwenyewe.

Nikaupokea mkungu kwa mikono miwili.

"Asante, baba mdogo. Ndizi nitapika. Mlango bado."

Makofi yakakatika. Mama akanivuta gauni kwa nyuma, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Kesho mama mdogo aje akae ndani ya ndege, afungue mwenyewe. Akiweza, nairusha na sisemi neno tena."

Mama mdogo, mke wake, alikuwa amesimama karibu yake na trei ya mayai aliyoinunua. Alinitazama, akamtazama mumewe.

"Nitakuja," akasema.

Na alikuja, amevaa viatu vyake vya kanisani. Akakaa karibu na mlango, tukaufunga. Baba mdogo alisimama nje, mikono mfukoni, meneja pembeni yake. Tulimwona dirishani akivuta kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili, halafu akikaza na goti. Kilemba kikamdondoka. Safari hii mafundi hawakucheka. Mimi mwenyewe nilijuta kumleta, kwa sababu nilimwona usoni kwamba ameanza kuogopa, na ndege ilikuwa imesimama tu pale uwanjani, jua linawaka, sisi sote tukiwa hatua chache kutoka kwake.

Baba mdogo hakuweza kuvumilia. Akaufungua kwa nje, kwa wepesi, kama alivyofanya siku zote, akamnyooshea mkono ashuke.

Mama mdogo hakuushika. Aliokota kilemba chake, akakifunga upya taratibu, akaketi vizuri.

"Kalete vifaa vyako utengeneze, halafu ufunge tena," akamwambia mumewe. "Nitashuka nikifungua mwenyewe."