Sponji Mbili Kichwani mwa Mama

Yule mwanamke sikumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuwa binti wa Wahindi wenye duka la vitambaa mjini Kisii, alikuwa amesomea ng'ambo kazi ya kunyoosha viungo, na miaka ya tisini ikielekea ukingoni alifungua chumba cha tiba juu ya duka la baba yake. Mimi na mama tulitoka kijijini kwetu Manga kumwona. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu ulirudi wenyewe, lakini mkono wa kulia ulikataa, na mkono huo ndio uliokuwa ukichuma chai yetu kwa kasi iliyowafanya majirani wasimame kutazama. Mama alitaka kitu kimoja tu: kurudi shambani na mikono yake miwili.

Dawa yenyewe ilikuwa kijisanduku chenye betri, nyaya mbili na sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Sponji moja ilikaa juu ya sikio la kushoto, nyingine kwenye paji la uso, zikafungwa kwa mpira. Umeme kidogo ungepita kichwani huku mama akiokota maharagwe mezani na kuyatia kwenye mkebe.

"Mkono wenyewe si mgonjwa, Mama," yule mwanamke alieleza. "Kichwa ndicho kimesahau namna ya kuutuma. Umeme huu haukufundishi kitu. Unakilainisha kichwa tu, ili mazoezi yakiingia yakae."

Nikamuuliza amewafanyia hivyo watu wangapi. Hakunificha: mama alikuwa wa tatu. Basi nikajua tumeletwa kujaribiwa. Na kwa nini aliandika kila kitu kwenye daftari, hata mama alilala saa ngapi? Na kwa nini sanduku halikuwa na jina la kiwanda?

Mama hakuwa na shaka hata chembe. Kwetu kichwa kina mafundi wake tangu zamani. Baba yake aliangukiwa na boriti ujanani, akapelekwa kwa omobari, yule mganga wa Kigusii anayepasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa, naye akapona na kuishi miaka mingi. Mama alipoambiwa tiba ni ya kichwani, akili yake ilikwenda huko moja kwa moja. Asubuhi ya kuanza tiba nilimkuta amenyoa kipara na hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, kama mtu anayejiandaa kupasuliwa. Yule mwanamke alishangaa, kisha akafurahi, maana sponji zilikaa vizuri sana juu ya kipara. Akampa chai na mkate kwanza. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa kwa hasira.

Siku ya kwanza mama aliokota maharagwe mawili. Siku ya nne alifika tisa, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kukutana na cha shahada, ambavyo ndivyo vidole vya kuchumia chai. Tulipokuwa tukirudi alikuwa akivichezesha njia nzima, akinionyesha kama mtoto mwenye jino jipya. Nilimwambia atazame anapokanyaga.

Kulowesha sponji na kuzifunga ilikuwa kazi yangu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa na mgonjwa mwingine nyuma ya pazia. Siku ya tano, mama alipokwenda msalani, nilijiwekea sponji mwenyewe na kuwasha. Ngozi iliwasha, kisha mwanga mweupe ukapita pembeni ya jicho langu. Nilizing'oa upesi. Hiki ndicho anachomwagia mama yangu kichwani!

Nilikuwa nimesoma fizikia hadi kidato cha nne, nikijua nailoni haipitishi umeme. Nilikata kipande cha karatasi ya nailoni iliyofungia mkate wetu, nikakiweka kati ya sponji na kichwa cha mama, nikafunga mpira vizuri.

"Leo haiwashi," mama alisema kwa Kigusii. Nikalazimika kutafsiri.

"Umezoea, Mama," sauti ikajibu nyuma ya pazia. "Wengi huzoea."

Nilifanya hivyo kila tulipokwenda, wiki baada ya wiki, na nilijiona mjanja. Mama aliendelea kuokota. Maharagwe tisa, kumi, tisa, tisa. Alijifunza kushika kikombe na kufunga vifungo vya gauni lake la Sabato, nami nikasema moyoni, unaona, ni mazoezi tu. Ila kidole gumba kiliishia pale pale kilipokuwa siku ya nne.

Yule mwanamke alibadilisha betri. Alibadilisha nyaya. Mwisho alifungua daftari, akarudisha kurasa nyuma hadi siku ya nne, akakaa akiitazama. "Ulianza vizuri sana," alimwambia mama. "Nisamehe. Sijui nimekosea wapi." Macho yake yalikuwa na machozi, nami nilikuwa nikikunja nailoni ndani ya kiganja.

Huenda kidole kingeishia hapo hata bila mimi. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara huitilia shaka sauti inayosema.

Mama alirudi shambani. Mkono wa kulia ulishika tawi, wa kushoto ukachuma, polepole, na majirani walimpita mstari hata mara mbili. Alasiri moja tulikuwa wawili tu. Alisimama akakitazama kile kidole kwa muda.

"Yule daktari alijitahidi, mwanangu," akasema. "Ni kichwa changu tu kilichokuwa kigumu."

Nilimjibu kwamba vichwa havifanani, nikaendelea kuchuma.